Namba Hii ni ya Nini?

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi wa jiolojia, walimu wa sayansi na mafundi wa visima. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wetu, shikamooni. Walimu, mafundi, wanafunzi, hamjambo?

Leo nina swali moja tu, na nitalirudia mpaka mlichoke. Swali lenyewe: namba hii ni ya nini?

Mtu akikwambia jiwe hili lina miaka milioni 600, muulize: namba hii ni ya nini? Fundi akikwambia maji yako mita 80, muulize. Cheti cha maabara kikisema floridi ni miligramu 3 kwa lita, usikikunje na kukitia mfukoni, uliza. Tunayo tabia moja sisi: tukiona namba yenye desimali mbili tunaipokea kama hukumu ya mahakama. Jamani, namba ni jibu. Na jibu utalielewaje kama hujui kilichoulizwa, nani aliulizwa, na kama aliyejibu alikuwa na akili timamu siku hiyo?

Tuanzie Turkana, maana huko swali hili liliwagombanisha watu wazima kwa miaka kumi na zaidi.

Mwaka 1969, mashariki ya ziwa ambalo wakati huo ramani ziliita Rudolf, mwanajiolojia Kay Behrensmeyer alikuta zana za mawe ndani ya tabaka la majivu ya volkano. Eneo likapewa jina lake, na tabaka likaitwa KBS, herufi za Kay Behrensmeyer Site, yaani eneo la Kay Behrensmeyer. Sasa, kwa nini mwanajiolojia anafurahi akiona majivu? Kwa sababu majivu yana saa ndani yake. Katika majivu mna fuwele za feldispa, na katika feldispa mna potasiamu. Katika kila atomi 10,000 za potasiamu, moja na kidogo ni potasiamu-40, ambayo haitulii. Nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu ya atomi zake kuvunjika, ni miaka bilioni 1.25. Katika kila atomi 100 zinazovunjika, 89 hivi zinageuka kalsiamu na 11 zinageuka agoni-40. Kalsiamu haitusaidii, imejaa kila mahali kwenye mwamba. Agoni ni gesi. Mwamba ukiwa uji wa moto, agoni inatoroka. Fuwele ikipoa, agoni inanaswa ndani kama kuku bandani jioni. Kwa hiyo hesabu inaanzia pale fuwele ilipopoa. Hesabu kuku, pima potasiamu, utapata miaka.

Njia hii ilikuwa imeshajipatia heshima. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, kule Olduvai. Makadirio ya awali yalikuwa laki kadhaa za miaka. Mwaka 1961 Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis wakatoa umri wa tabaka lile la chini kwa potasiamu na agoni: miaka milioni 1.75. Dunia ikashtuka. Basi ilikuwa ni haki watu wa Turkana nao watumie saa hiyo hiyo.

Sampuli ya kwanza ya KBS ikapelekwa Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller. Jibu likarudi: kati ya miaka milioni 212 na 230.

Mnacheka. Na wao walijua si sahihi. Milioni 200 ni zama za dinosaria, na ndani ya tabaka mna zana za binadamu! Mashine ilikuwa imeharibika? Hapana. Mashine ilijibu vizuri kabisa. Ilijibu umri wa mchanganyiko. Majivu yale hayakudondoka tu kutoka angani yakatulia. Yaliletwa na mto, na mto ukipita kwenye miamba ya kale hukokota punje za feldispa za kale, ukazichanganya na za volkano. Kwa macho punje hizo ni mapacha.

Sasa nawaomba mfanye hesabu nami, maana hapa ndipo watu hudharau. Tuseme tabaka ni la miaka milioni 1.88. Tuseme punje za kale ni za miaka milioni 500, zina ukubwa ule ule na potasiamu ile ile. Zinahitajika punje ngapi za kale ili mashine isome milioni 2.61? Nusu? Robo? Moja katika mia? Hata kidogo. Inatosha punje moja katika kila punje 800 hivi. Moja! Mzee mmoja kwenye harusi ya vijana mia nane, na umri wa harusi nzima unapotea.

Kwa nini nimetaja milioni 2.61? Kwa sababu hilo ndilo jibu la pili. Fitch na Miller waliomba sampuli bora, wakaletewa vipande vya pamisi, yale mawe mepesi yenye matundu ambayo volkano huyatema yakiwa na fuwele zake zenyewe ndani. Hapo walifanya sawasawa: pamisi ni salama kuliko majivu yaliyokokotwa. Wakachapisha milioni 2.61, na kosa la kipimo la milioni 0.26. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo akaona vipande vya fuvu chini ya tabaka hilo, fuvu linalojulikana kwa namba ya makumbusho 1470. Likiwa chini ya tabaka la milioni 2.61, likatangazwa kuwa na karibu milioni 2.9. Likawa fuvu kubwa kupita kiasi kwa umri huo.

Nani aliharibu sherehe? Nguruwe.

Ndiyo, nguruwe. Kule bonde la Omo, Ethiopia, kaskazini tu ya ziwa, kulikuwa na matabaka yaliyopimwa vizuri, na ndani yake meno ya nguruwe wa kale ambao hubadilika upesi kizazi hadi kizazi. Basil Cooke na wenzake walipolinganisha, nguruwe waliokuwa chini ya KBS walifanana na wale wa Omo wa miaka milioni 2 hivi. Nguruwe wale wale, mbuga zile zile, umbali wa siku chache za mwendo, halafu tofauti ya zaidi ya nusu milioni ya miaka? Mwaka 1975 maabara ya Curtis ikapata namba ndogo zaidi, 1.82 na 1.60. Ugomvi ukakolea. Watu wa agoni wakasema nguruwe hawana saa. Watu wa nguruwe wakasema saa yenu imejaa wazee.

Hapo ndipo jiokemia, kemia ya miamba, ilipoingia, na kwangu mimi huu ndio mkasa mtamu kuliko yote. Kila mlipuko wa volkano una kioo chake: vipande vidogo vya uji uliopoa ghafla. Kiasi cha chuma, manganizi, kalsiamu, titani, bari na zirkoniamu katika kioo hicho ni kama chapa ya ng'ombe. Zizi likichanganyika, chapa inakwambia huyu ni wa nani. Thure Cerling, Frank Brown na wenzao walipopima kioo cha KBS, kikawa sawa na tabaka la Omo liitwalo H2. Ni majivu ya mlipuko mmoja! Na H2 ilijulikana kuwa karibu milioni 1.9. Baadaye Ian McDougall akapima upya kwa agoni na kupata 1.88, Andrew Gleadow akahesabu alama za mpasuko, zile zinazoachwa na atomi za urani zikipasuka ndani ya punje za madini ya zirkoni, njia tofauti kabisa, akapata 1.87. Mashahidi watatu wasiotoka ukoo mmoja.

Siku hizi hatuyeyushi gunia la punje kwa pamoja. Unachukua fuwele moja, unaipiga leza, unapima agoni yake peke yake, halafu ya pili, halafu ya tatu, mpaka ishirini, thelathini. Mzee akiwepo anajitokeza mwenyewe pembeni. Lakini sikilizeni vizuri: leza haikuondoa swali. Imelisogeza tu karibu na macho.

Sasa twende kwenye miamba migumu, ile ya kina Dodoma na Uluguru. Hapa saa yetu ni zirkoni.

Zirkoni ni kipunje kidogo, mara nyingi chini ya nusu ya milimita, kinachokua ndani ya graniti. Kinapokua hupenda urani na hukataa risasi, ile metali nzito. Urani-238 hugeuka risasi-206 kwa nusu-uhai wa miaka bilioni 4.47, urani-235 hugeuka risasi-207 kwa nusu-uhai wa miaka milioni 704. Mmeona utamu wake? Saa mbili katika mkono mmoja. Zikisoma sawa, unapumua. Zikitofautiana, mara nyingi risasi imevuja, na usithubutu kuandika umri huo kwenye ripoti kabla hujaeleza kwa nini.

Kuipata kuna kazi. Beba kilo 5 hadi 10 za graniti nzima. Ganda la nje lililooza ligonge uliache hapo hapo. Usiokote kokoto ya barabarani, hujui ilitoka machimbo gani. Basalti usijisumbue nayo, kwa kawaida haina zirkoni. Ponda, chekecha upate punje chini ya milimita 0.4, osha. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanajua kuosha kwa karai kuliko wanafunzi wangu wote: nyepesi zinakwenda na maji, nzito zinabaki. Toa chuma kwa sumaku. Kisha mimina katika kimiminika kizito cha methileni iodidi, chenye uzito wa gramu 3.3 kwa sentimita moja ya ujazo. Kwatzi na feldispa, za 2.6 na 2.7, zinaelea. Zirkoni, ya 4.6, inazama. Kimiminika hicho ni sumu; glavu, na chumba chenye feni ya kutoa hewa nje. Kinachobaki unakichagua kwa sindano chini ya hadubini, unakipanga kwenye gundi ngumu, unakisugua mpaka nusu ya punje iishe ili uone tumbo lake.

Na kati ya sampuli na sampuli, osha kinu. Osha! Toa taya, piga brashi, puliza hewa, ponda kwatzi safi katikati na uitupe. Punje moja ya zirkoni ya jana ikibaki kwenye kona ya kinu, leo itakuwa ugunduzi mkubwa kwenye tasnifu ya mtu.

Halafu ndani ya punje yenyewe mna mambo. Ukiipiga picha kwa mwanga unaotokana na elektroni, unaona pete kama za mti. Mara nyingine kuna kiini cha kale kilichomezwa na magma, ule uji wa moto, bila kuyeyuka, na nje yake kuna ukingo uliokua mwamba ulipopikwa upya ndani ya dunia. Leza inachimba kishimo cha upana wa maikromita 30 hivi. Ukichimba kiini, unapata umri wa babu. Ukichimba ukingo, umri wa mapishi. Ukichimba mpaka wa viwili hivyo, unapata umri wa kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Chukueni milima yetu ya mashariki, kuanzia Usambara kushuka Uluguru. Miamba ile ilipikwa kwa joto kali kati ya miaka milioni 650 na 550 hivi iliyopita, mabara yalipogongana. Ukipima mika nyeusi ya huko kwa agoni, utapata namba ndogo kuliko ya zirkoni ya jiwe lile lile. Nani anasema uongo? Hakuna. Zirkoni hushika risasi yake hata kwenye joto la nyuzi 900. Hornblendi, madini mengine ya jiwe hilo, huanza kushika agoni ikishapoa hadi nyuzi 500 hivi. Mika nyeusi husubiri mpaka nyuzi 300. Apatiti hutunza alama zake za mpasuko ikiwa imeshuka kwenye nyuzi 110. Kila moja inakupa saa ambayo jiwe lilipita mlango wake. Ziunganishe, una safari nzima ya mlima kutoka kina cha kilomita 30 mpaka juani. Mwanafunzi anayechukua wastani wa namba hizo, na wapo, ni sawa na mtu anayejumlisha mwaka wako wa kuzaliwa na wa kuoa akagawa kwa mbili.

Nimesema usafi. Niongeze neno moja kuhusu Clair Patterson wa Marekani, kisha niliache. Alitaka umri wa dunia kwa kupima risasi katika vimondo. Kila alipopima alipata risasi nyingi mno: kwenye maji ya bomba, kwenye vyombo, hewani, kwenye nywele za wapimaji. Ilibidi ajenge chumba kisafi, achemshe vyombo kwa asidi, asafishe kemikali zake mwenyewe. Mwaka 1956 akachapisha miaka bilioni 4.55, na kosa la milioni 70. Kipimo hicho kimesimama mpaka leo karibu bila kuguswa. Lakini Patterson hakumsahau aliyekuwa akimchafulia sampuli. Akaenda kuhesabu risasi baharini na kwenye barafu, akaonyesha kwamba sehemu kubwa inatoka kwenye petroli, na akapambana na wenye viwanda kwa miaka. Afrika kusini ya Sahara iliacha kuuza petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006. Wengi wenu hapa mmekua mkivuta hewa nafuu kwa sababu mtu mmoja alikataa kuita uchafu "kosa dogo la maabara".

Sasa maji. Naona mafundi mmekaa sawa.

Ukanda wa Meru na Kilimanjaro mpaka bonde la ufa, watu wana meno ya kahawia, na baadhi ya watoto miguu imepinda. Ni floridi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo miligramu 1.5 kwa lita. Mto Maji ya Chai umepimwa ukiwa na zaidi ya 10. Swali letu: namba hii ni ya nini? Inatoka wapi?

Lava za volkano zetu, nefelinaiti na fonolaiti, zina florini nyingi. Lakini hilo peke yake halitoshi. Kwa kawaida floridi ikikutana na kalsiamu majini huganda kuwa madini ya fluoraiti na kuzama. Kalsiamu ndiye polisi. Lava hizi zina sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, maji yake yanakuwa ya magadi, na kalsiamu kidogo iliyokuwepo huganda kama chokaa. Polisi kaondoka, floridi inatembea inavyotaka. Kwa hiyo fundi, ukipima kisima ukaona pH, kipimo cha uasidi na umagadi, ya juu, sodiamu ya juu, kalsiamu ya chini, shuku floridi hata kabla cheti hakijarudi. Na magadi yale tunayotia kwenye maharage yaive haraka nayo hubeba floridi. Mtoto anayekunywa maji mazuri anaweza kuipata chunguni.

Kupima kwenyewe. Tumia chupa ya plastiki, si ya kioo, maana floridi hushambulia kioo. Suuza chupa mara tatu kwa maji ya kisima hicho hicho. Piga pampu mpaka joto na kipimo cha umeme wa maji vitulie. Maji yaliyolala ndani ya bomba si maji ya mwambani. pH na joto pima pale pale, havisubiri. Chuja kwa kichujio cha maikromita 0.45. Chupa ya madini ya chuma na wenzake itie asidi ya nitriki mpaka pH ishuke chini ya 2. Chupa ya floridi usiitie. Andika kwenye kila chupa ipi ni ipi. Maabara ikitumia elektrodi ya floridi, ulizeni kama waliweka kile kimiminika cha kusawazisha. Alumini na chuma hukumbatia floridi na kuificha. Bila kimiminika hicho mashine inasoma ndogo, na kijiji kinaambiwa maji ni salama.

Na kuchemsha je? Kuchemsha hakutoi floridi. Maji yanapungua, floridi inabaki, unajiongezea. Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kama ule uliofanyiwa kazi kwa miaka mingi pale Ngurdoto. Mifupa inachomwa kwa hewa kidogo. Ikichomwa kwa moto mdogo inabaki kahawia, na maji yananuka nyama. Ikichomwa kwa moto mkali mno inakuwa nyeupe kama chaki na nguvu yake inapungua. Unataka nyeusi inayoelekea kijivu. Halafu mkaa huo unashiba. Ukishashiba unapitisha floridi bila kubadilisha rangi wala ladha, na familia inaendelea kuamini ndoo. Lazima upime kila baada ya muda. Hakuna njia ya mkato hapo.

Nimalizie na jiofizikia, na hapa nitasema wazi. Watu wanauziwa visima vikavu kwa namba sahihi.

Namna inavyofanyika mnaijua. Vigingi vinne vya chuma kwenye mstari: viwili vya nje vinapeleka mkondo wa umeme ardhini, viwili vya kati vinapima volti. Unatanua vya nje hatua kwa hatua, mkondo unazama zaidi, unapata mchoro wa ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita. Umbali wa vigingi vya kati usizidi moja ya tano ya umbali wa vya nje. Unapolazimika kutanua vya kati, rudia vipimo viwili vya mwisho kwa upana wa zamani na mpya. Visipokaribiana, kuna kitu juu juu kinakudanganya. Ardhi ikiwa kavu, mwagia maji ya chumvi kwenye kigingi. Waya uliochubuka kwenye umande unavujisha mkondo njiani. Kaa mbali na bomba la chuma, uzio wa seng'enge na nyaya za umeme. Na kuna volti mia kadhaa pale: weka mtu kwenye kila kigingi, watoto na mbuzi wakae mbali.

Kisha ripoti inasema: "mita 80". Nimewaona wanakijiji wanaishika kama tiketi. Waya wa mita 400 kutoka kigingi hadi kigingi hauoni mita 400 chini. Hesabu robo yake, mara nyingi pungufu. Na mashine haipimi maji, ndugu zangu. Inapima ugumu wa umeme kupita. Graniti nzima inasoma ohmu-mita elfu moja na kuendelea. Graniti iliyooza yenye maji husoma 20 mpaka 100. Mfinyanzi mtupu, ambao hautoi hata ndoo, unasoma 5 mpaka 20. Maji ya chumvi yanasoma chini ya hapo. Mnaona mtego? Fundi mgeni anaona namba ndogo anashangilia, kumbe ni mfinyanzi. Au ni maji kweli, ila ng'ombe wanayakataa.

Kuna mtego wa pili ambao hata kompyuta haikuambii. Tabaka la mita 10 lenye ukinzani wa 20, na tabaka la mita 20 lenye ukinzani wa 40, likiwa limebanwa kati ya matabaka magumu, yanatoa mchoro ule ule. Gawa mwenyewe: 10 kwa 20 ni nusu, 20 kwa 40 ni nusu. Kompyuta itakuchorea moja kwa wino mweusi na kunyamaza kuhusu la pili. Dawa ni kisima cha jirani. Kama kuna kisima kilichochimbwa ndani ya kilomita mbili tatu na kina kumbukumbu ya udongo mita kwa mita, pima pale kwanza, ufunge unene unaoujua, ndipo uende kwenye shamba la mteja. Wangapi hapa mnafanya hivyo? Mikono. Haya, mitatu.

Na hata ukipata mwamba uliooza na kupasuka, uliza maji yanarudi lini. Pale Makutupora, kaskazini ya Dodoma, kina cha maji kimekuwa kikiandikwa tangu miaka ya 1950. Wachunguzi walipoyaweka maandishi ya miaka 55 pamoja, waliona kwamba maji hayarudi kila masika. Yanashuka mwaka baada ya mwaka, halafu mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Nino ya 1997 na 1998, inayapandisha kwa mkupuo. Sasa anayekuja kupima kisima mwaka baada ya mvua kama hiyo ataandika nini? Ataandika kwamba kisima hakichoki. Namba yake itakuwa sahihi, na itakuwa ya mwaka ule.

Tetemeko nitaligusa tu. Julai 2007 ardhi ilitikisika siku baada ya siku kusini mwa ziwa Natron. Kubwa kuliko yote, la 5.9, lilikuwa tarehe 17, na huko Nairobi watu walitoka kwenye maghorofa. Wengi waliinyooshea kidole volkano ya Ol Doinyo Lengai. Seismomita, mashine za kupima matetemeko, na rada za setilaiti zilionyesha kwamba ufa ulikuwa ukifunguka chini ya mlima jirani, Gelai, na magma kuingia ndani yake kama kabari, bila kufika juu. Lengai yenyewe ililipuka Septemba. Ukubwa wa 5.9 ulikuwa namba ya mtikisiko mmoja wa muda mfupi. Sehemu kubwa ya mwendo wa ardhi wiki zile ilikwenda kimyakimya, na ni setilaiti tu iliyouona.

Wanafunzi wangu, kesho mnakwenda kuokota mawe, kwa hiyo sikilizeni hili kabla sijakaa. Kila mfuko uwe na namba, tarehe, mahali kwa GPS pamoja na jina la mfumo wa ramani, maana mifumo ya zamani na mipya inaweza kukupeleka mita mia kadhaa pembeni. Andikeni jiwe lilikuwa limeshikana na mwamba au lilikuwa limelala tu. Andikeni mlilitaka kwa swali gani. Mstari mmoja unatosha. Karatasi moja ndani ya mfuko, maandishi mengine nje. Na ile ya ndani iandikwe kwa penseli. Jiwe la mtoni lina maji, wino unayeyuka, na mnarudi maabara na mfuko wenye kilo saba za graniti nzuri ambayo hakuna anayejua imetoka wapi.

Asanteni. Maswali yaanze na mzee kule nyuma, naona ameshika ripoti ya kisima.